Sostenes Aiunganisha Mkiwa na Ng'ambo kwa Betri za Tochi

Tangu dunia iumbwe, hajatokea mwanaume aliyeiunganisha Mkiwa na ng'ambo kwa betri sita za tochi isipokuwa Sostenes. Ukitaka ushahidi, muulize Sostenes. Ukimkosa, simama tu pale njia panda. Atakuja mwenyewe kukueleza, hata kama hujamuuliza, hata kama basi lako linaondoka!

Agripina alimjua hivyo tangu siku anaolewa. Siku hiyo bwana harusi alihutubia kuliko padri.

Miaka saba iliyopita Sostenes aliaga kwamba anakwenda Sekenke kuchimba dhahabu, miezi mitatu tu. Alimwacha mkewe na tembe linalovuja na mtoto mmoja wa kike, Witness. Miezi mitatu ikaisha. Ikaja mingine mitatu, ikaja na wadogo zake, ikawa ukoo mzima wa miezi, na Sostenes hana barua, hana salamu, hana hata uvumi.

Agripina alilima alizeti. Akalima vitunguu. Akabomoa tembe, akapandisha tofali. Kila bati lililopanda juu ya nyumba ile lilipandia mgongoni kwake. Bati la mwisho lilipopigiliwa msumari, ndipo Sostenes naye akaikumbuka njia ya nyumbani.

Watu wakitoka machimboni hurudi na dhahabu. Waliokosa dhahabu hurudi na pikipiki. Waliokosa vyote hurudi usiku. Sostenes alirudi mchana kweupe, kifua mbele, amekumbatia mashine ya gemu.

Ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, upana wake kama sahani ya ubwabwa, imetengenezwa enzi zile simu bado zina mkia. Alisema amepewa na bosi wa mgodi kwa kutambua akili zake. Agripina alikuja kusikia baadaye kwamba aliibadilisha kwa sururu na mabuti.

Hakufunguliwa mlango. Alipokewa na dada yake Felista, akalazwa stoo, katikati ya magunia ya mashudu. Kutoka huko akaomba kikao.

Kikao kilikaliwa chini ya Mzee Alute, baba mdogo wa Agripina, mtu asiyependa maneno marefu.

"Miaka saba ulikuwa wapi?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasoma, baba."

"Shule gani hiyo?"

"Shule ya vitendo. Teknolojia! Mnaiona mashine hii? Vijana wa leo wakiiona wanaiita takataka. Mimi nitaiingiza kwenye mtandao, izungumze na mtu wa ng'ambo, hapahapa Mkiwa. Nipeni Jumapili moja. Nikishindwa, sitakanyaga tena. Nikiweza, naomba nirudi kwangu."

"Kwako?" Agripina akauliza.

"Kwetu."

"Kwetu na nani?"

Sostenes akameza mate. "Kwako, Mama Witness."

Mzee Alute alikubali kwa sababu alitaka kuona. Agripina alikubali kwa sababu alimjua mume wake. Tangu amfahamu, hajawahi kukianza kitu akakimaliza, hata bakuli la mlenda.

Jumapili ilipofika, watu walitoka misani moja kwa moja hadi sebuleni kwa Agripina. Waliokosa viti walikaa chini, waliokosa chini walijaza dirisha. Mzee Alute alikaa kwenye kochi. Mwalimu Theresia wa shule ya msingi aliombwa aje kwa ajili ya Kiingereza. Agripina alichukua ungo wake wa choroko, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba cha kulala, mlango ambao ufunguo wake ulikuwa shingoni mwake.

Sostenes alipanga vyombo mezani kama padri apangavyo altare. Hapa televisheni. Hapa mashine nyeupe. Pembeni yake kompyuta kuukuu ya kichogo, iliyokuwa imestaafu kwenye duka la kuchapishia barua na kuishia kuwa kiti cha paka. Kati ya mashine na kompyuta akachomeka waya wa simu ya mezani, mfupi kuliko kamba ya kiatu.

"Sasa sikilizeni," akasema, akikohoa kikohozi cha wataalamu. "Mashine hii ni mzee. Haijui bando, haijui kuungwa hewani. Inajua kitu kimoja tu, kupiga simu ya waya. Na nyaya za simu hapa zilishakatwa na watu wakafungia mbuzi. Kwa hiyo kompyuta itajifanya ndiyo posta. Mashine itapiga simu, kompyuta itapokea, halafu itaipitisha kwenye simu yangu ya mkononi, na hiyo ndiyo itakwenda duniani."

Mzee Alute akainua mkono. "Ngoja. Hii inaipigia simu hii?"

"Ndiyo, baba."

"Na zimekaa meza moja?"

"Ndiyo, baba."

"Si iite tu?"

Sebule ikacheka. Agripina hakucheka. Aliokota punje mbovu ya choroko, akaitupa nje.

"Miaka saba," alisema taratibu, kama anayeongea na ungo. "Kutoka Sekenke hadi hapa, hata mlio mmoja. Leo anazipigisha simu mashine mbili zinazogusana mabega!"

"Mama Witness, machimboni mtandao ulikuwa shida."

"Ndiyo nauona, umehamia hapa wote."

Sostenes aliona bora kazi iendelee. Akaeleza kwamba waya ule hauna umeme ndani, na mashine ikionja waya usio na umeme inajua simu imekufa, haipigi. Inabidi idanganywe kwa betri.

"Tochi yako ina betri ngapi, Mama Witness?"

"Tatu."

"Na redio?"

"Usiiguse redio yangu."

Aliigusa. Betri sita zikapangwa mstari, zikafungwa kwa mpira wa baiskeli, zikaunganishwa kwenye waya. Sostenes akawasha. Mashine ikawaka taa, ikafikiri, ikaandika kitu kwenye televisheni.

"Inasema hakuna laini," Mwalimu Theresia akasoma.

"Inatania," Sostenes akasema.

Mara ya pili hakuna laini. Mara ya tatu hakuna laini. Sostenes akalaumu joto. Akalaumu waliosimama dirishani kwamba wanazuia hewa ya mtandao. Akalaumu kuku aliyekuwa anakatiza, kuku wa watu, hana habari na lolote. Jasho lilimtiririka mpaka ukosi wa shati ukabadilika rangi.

Agripina alianza kuhisi usingizi mzuri wa leo usiku. Akaurekebisha ufunguo shingoni.

Ni Mzee Alute aliyeinama akatazama. "Hii betri moja si umeigeuza kichwa chini?"

Agripina alimtazama baba yake mdogo kwa jicho ambalo, kama si heshima, lingekuwa na maneno.

Sostenes akaigeuza betri. "Nilikuwa nawapima," akasema.

Sasa mashine ikauliza namba ya kupiga.

"Hapa unaweka namba yoyote," akatangaza, akibonyeza bila kuangalia. "Yoyote inafaa. Mradi tu upige!"

"Kumbe?" Agripina akasema. "Mradi tu upige?"

Wakati uleule mashine ilianza kulia. Kwanza piii. Halafu kriii. Halafu ngwaaa-shhh-kong-kong, sauti ya debe la misumari likiburutwa juu ya lami. Kuku akakimbia. Mtoto dirishani akalia.

"Nani anachinjwa?" Mzee Alute akasimama.

"Zinasalimiana, baba!"

Kisha kimya. Kisha televisheni ikageuka buluu, na jina la mtu likatokea, na pembeni yake bendera.

"Brazili," Mwalimu Theresia akasoma. "Yupo mtu wa Brazili. Anasubiri kushindana magari."

Sebule ililipuka! Wanaume walimkumbatia Sostenes, wanawake wakapiga vigelegele, na yeye akasimama katikati amenyoosha mikono kama aliyeumba bahari.

Agripina aliacha kupepeta. Akaugusa ufunguo. Ahadi ilikuwa imetolewa mbele ya watu, na mbele ya watu ilikuwa imetimia. Alifikiria kitanda chake, alichozoea kulala katikati yake. Alifikiria mabati. Leo leo, kabla jua halijazama, mtu huyu angekuwa amekaa kwenye kochi lile akiwaeleza wageni jinsi alivyoijenga nyumba.

Sostenes alikamata kidude cha kuchezea, kidole juu ya kitufe. "Sasa nimwonyeshe huyu Mbrazili vumbi la Singida!"

"Unataka kufanya nini?" Mzee Alute akauliza.

"Kushindana, baba."

"Umemsalimia?"

"Huko mtandaoni hawasalimiani, baba. Wanabonyeza tu."

"Mtu hujamsalimia unaanza kukimbizana naye? Umeiba mbuzi wake?"

Watu wote wakaona hiyo ni kweli. Hata waliokuwa dirishani walitikisa kichwa. Sostenes hakuwa na la kufanya. Mashine ile haikuwa na kibodi. Ilibidi asukume mshale juu ya herufi moja, abonyeze, ausukume juu ya nyingine, abonyeze. Kuandika *helo* kulichukua muda wa kumenya muhogo.

Mbrazili akajibu helo.

"Ni mkubwa au mdogo kwako?" Mzee Alute akauliza.

Mshale ukatambaa. Jibu likaja, na Mwalimu akalisoma. "Ana miaka sitini na moja."

"Na wewe?"

"Arobaini na sita, baba."

"Umempa helo mtu wa miaka sitini na moja? Mpe shikamoo yake!"

S. H. I. K. Sostenes alikosea, akafuta, akaanza upya. Mbrazili akauliza hilo ni neno gani, Mwalimu Theresia akatunga maelezo kwa Kiingereza, pamoja na namna ya kuitikia, Sostenes akayatoboa herufi kwa herufi mpaka kidole gumba kikawa chekundu. Ikapita dakika. Halafu kwenye televisheni likatokea neno, limekosewa herufi mbili lakini linajulikana: *marhabaa*.

Shangwe zake zilizidi za mwanzo.

"Huyu mtu amelelewa," Mzee Alute akasema, akijiegemeza vizuri. "Muulize habari za nyumbani. Mvua. Afya."

Mbrazili alijibu yote. Mvua ipo nyingi mno. Yeye ni fundi viatu. Ana mabinti wawili, mkubwa ni muuguzi, mdogo yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea ualimu, na jana alikuwa na mtihani. Kisha, kama mtu yeyote aliyelelewa, naye akauliza.

"Anakuuliza kama una mke na watoto," Mwalimu akasema.

Sostenes akatunisha kifua. "Mwambie mke ninaye, na mtoto ninaye, binti." Akaandika mwenyewe kwa madaha.

Jibu halikuchelewa.

"Anasema hongera. Anauliza binti yako anasoma darasa la ngapi."

Mshale ulitoka kona moja ya televisheni ukaenda kona nyingine. Ukarudi. Ukasimama juu ya herufi fulani, ukaona si yenyewe, ukaondoka. Sostenes alimtazama mkewe, jicho lile la mwanaume aliyepoteza soksi. Agripina aliinamia choroko. Hajawahi kuona choroko nzuri kama zile.

Mshale ukaandika, ukasimama. Mwalimu Theresia akakisogelea kioo.

"Sostenes. Darasa la sita?"

"Eeh. La sita."

"La sita nilimfundisha mimi. Miaka mitano iliyopita. Witness yuko kidato cha nne, yuko bweni Nduguti, mwaka huu anamaliza."

Sostenes akaugonga waya wa simu kwa kidole.

"Ni mtandao," Sostenes akasema. "Unajua huu mtandao wa waya, habari zinachelewa kufika."

"Miaka mitano?" Mzee Alute akauliza.

"Hali ya hewa pia inachangia."

"Wiki tatu uko Mkiwa, mkwe. Unapita mlango huu kila siku na hiyo mashine yako. Hujawahi kuuliza?"

Sostenes akakiweka kidude mezani.

Mzee Alute alivuta pumzi, akamgeukia Agripina. Sauti yake ilikuwa nzito, maana jambo lenyewe lilikuwa zito. "Mwanangu. Alisema mashine itazungumza na ng'ambo, na imezungumza, tumeona sote. Alisema ikizungumza apokelewe. Neno letu lipo. Wewe unasemaje?"

Agripina akaweka ungo chini. Akajipangusa mikono kwenye khanga.

"Baba, mimi silipingi neno letu. Tulisema mashine ikizungumza na ng'ambo, mwanaume apokelewe. Mimi sikusoma, lakini masikio ninayo. Katika hii sebule nimemsikia mwanaume mmoja tu akiulizia mwanangu anasoma darasa la ngapi. Huyo nampokea. Mwambieni akishuka njia panda aulize kwa Mama Witness, kila mtu anapajua. Kuku yupo, na mlango utakuwa wazi."

Mzee Alute alishikwa na kikohozi cha ghafla. Wanawake waliangukiana mabegani kwa kicheko.

"Mama Witness!" Sostenes alipiga kelele. "Huyo mtu ana miaka sitini na moja!"

"Na bintiye anamjua hadi siku ya mtihani."

"Hata sura yake hujaiona!"

"Yako nimeikosa miaka saba, sikufa."

Mwalimu Theresia alijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa. "Sasa, dada Agripina, nimwandikie kweli?"

"Mwandikie, Mwalimu. Mtu asisubiri bure."

Mwalimu alikishika kile kidude, akakigeuza juu chini, akakitikisa, mshale haukusogea hata kidogo. Akampa Felista, Felista akamrudishia kama amepewa nyoka. Akaangalia huku na huku. Mkiwa nzima, kutoka kanisani hadi kituo cha mabasi, ilikuwa na mtaalamu mmoja tu wa kuandika kwa mashine ile.

Mzee Alute akamwonyesha kiti. "Kaa, mkwe. Mkaribishe mgeni."

Sostenes akakaa. Na kwa kidole gumba chekundu, mbele ya sebule nzima, herufi moja baada ya nyingine, akamwelekeza Mbrazili nyumba ilipo.