Hojaji Ishirini na Kalamu Nyekundu

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Nimepangiwa msimamizi wa utafiti. Ni Kasuku. Nilimfundisha darasa la sita, nikampa jina hilo kwa sababu hakufunga mdomo tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Sasa ana shahada tatu na ofisi yenye feni, na mlangoni pameandikwa Daktari. Aliponiona alisimama, akaniamkia, akaniita Mwalimu. Nikafarijika. Kisha akaketi, nami nikabaki nimesimama nikingoja ruhusa. Miaka arobaini nimewasimamisha wengine!

Ripoti yangu inatakiwa mezani kwake Ijumaa ya wiki ijayo, saa tisa alasiri. Ikichelewa au ikikataliwa, sihitimu, narudia mwaka mzima. Nina miaka sitini na sita. Nikiwa kazini nilinyimwa ualimu mkuu mara tatu kwa kukosa shahada, na mara zote tatu akapewa mtu niliyemfundisha kazi mwenyewe. Sirudii mwaka.

Mada yangu ni uhusiano kati ya kuamka mapema na furaha. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekuja kwetu mwaka juzi kukaa wiki mbili, huamka saa nne. Sayansi itaamua.

Kasuku aliuliza nadharia tete yangu ni ipi. Nilimjibu kwamba sina kitu chochote tete, nina ukweli. Akasema ukweli nitakutana nao mwishoni. Sikuelewa. Kama uko mwishoni, mtu anaanzaje safari?

Jumanne, tarehe 6 Mei

Darasani. Somo lilikuwa sampuli. Mhadhiri alisema si lazima kumhoji kila mtu, bali wachache wanaowawakilisha wote. Habari njema sana. Niliandika pembeni: wachache, nitawachagua kwa uangalifu.

Mwanafunzi mwenzangu, muuguzi mstaafu, amekaa mbele yangu tena. Anachunguza kwa nini wagonjwa huacha dawa kabla hazijaisha. Tayari ana majedwali. Aligeuka akaniuliza, kaka, na yule shemeji yako atakuwemo? Nikasema shemeji si mkazi wa kudumu, kwa hiyo hana sifa.

Nyumbani nilimweleza mke wangu hivyo hivyo. Akasema nimwambie shemeji mwenyewe kwamba si mkazi wa kudumu, yeye atakaa hapo pembeni asikilize atakavyojibu.

Sikumwambia.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Nimeandika hojaji. Maswali kumi, kila moja limenyooka. La kwanza: Je, unakubali kwamba kuamka mapema huleta furaha? La nne: Je, wewe huamka mapema, au ni mvivu?

Nikampelekea Kasuku. Alisoma mara mbili. Akasema haya maswali yametembea na majibu yao mfukoni. Nikamshukuru. Akasema Mwalimu, sikusifii. Akayapanga upya mbele yangu: unaamka saa ngapi, unajisikiaje asubuhi, nani huamua saa yako ya kuamka. Maswali gani haya? Hayaelekei popote. Mtu anaweza kujibu chochote.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Leo nimefanya jambo la akili. Nikitaka waamkao mapema, nitawapata wapi? Wanakopatikana. Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa nje ya geti la kiwanda cha mikate na karatasi ishirini. Mwoka mikate, dereva wa gari la maziwa, mlinzi, mama mfagia barabara na wenzao. Wote macho. Sampuli safi kabisa.

Wakajaza wakiwa wamesimama, wakiegemeza karatasi migongoni mwa wenzao. Nilikusanya bila kusoma, kama inavyotakiwa. Mwoka mikate aliniuliza, mzee, hii ni ya kuongezewa usingizi au ya nini? Kicheko kikubwa. Nikacheka nao ingawa sikuona kichekesho.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Nimesoma majibu. Siamini.

Kati ya ishirini, kumi na wanane wanasema asubuhi wanajisikia vibaya. Dereva wa maziwa ameandika kwamba akiisikia saa ya mezani ikilia anatamani kuitupa kisimani. Mlinzi ameandika kwamba saa yake ya furaha ni pale anapovua buti na kulala, saa mbili asubuhi. Saa mbili! Jua limeshatoka!

Nilianza kusahihisha herufi kubwa tu na nukta. Mazoea ya mkono. Halafu nikaona si haki kusahihisha nukta na kuliacha kosa lenyewe. Kwa mlinzi nikaandika: Si kweli. Fikiri tena. Tatu juu ya kumi. Kwa dereva: Umekurupuka. Kwa mwoka mikate: Rudia kazi, uione furaha iliyo mbele yako.

Mke wangu alipita na kikapu cha nguo. Akauliza tangu lini watu wanafeli jinsi wanavyojisikia. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaaluma. Akasema sawa, mzee, lakini huyo dereva ana mtu wake nyumbani wa kumwambia amekosea.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Nimerudi getini kurudisha karatasi. Mlinzi aliuliza alama ya kufaulu ni ngapi. Nikasema tano. Akainama palepale, akafuta, akaandika kwamba alfajiri humjaza furaha tele. Nimempa tisa. Nilitaka kumpa kumi, lakini hakuacha pambizo.

Walipomwona mlinzi amefaulu, wote wakataka. Mwoka mikate alinakili kwa mlinzi. Niliona, nikanyamaza kwa sababu alikuwa ananakili jibu sahihi.

Mama mfagia barabara peke yake alikataa. Akashika kiuno. Akasema baba, umeniuliza ninavyojisikia, nimekuambia, sasa nimekosea wapi? Nikaandika kwenye karatasi yake: Hakuwapo.

Kumi na tisa kati ya kumi na tisa wanakubali. Matokeo ya namna hii hata Muuguzi hana.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Sielewi kilichotokea leo.

Nilimwekea Kasuku karatasi zote mezani. Akazifungua moja moja. Akauliza kalamu nyekundu ni ya nani. Nikasema yangu. Akavua miwani. Akauliza majibu ni ya nani. Nikasema ni yao, baada ya masahihisho.

Feni ilizunguka. Kisha akasema Mwalimu, hukukusanya majibu, umekusanya utii. Nikasema darasani vitu hivyo huja pamoja.

Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikulikumbuka. Alipokuwa darasa la sita aliandika insha kwamba haipendi shule. Nikampa mbili juu ya ishirini. Wiki iliyofuata akaandika kwamba anaipenda shule kuliko nyumbani kwao, nikampa kumi na saba. Akasema hadi leo hajui kama niliisoma ile ya kwanza. Nikamwambia ya pili ilikuwa na aya nzuri zaidi. Akavaa miwani.

Uamuzi: kazi nzima nirudie. Watu ishirini wapya, si wa getini pale. Karatasi azishike mtu mwingine, mimi nisiwakaribie wahojiwa. Na saa tisa ya Ijumaa iko palepale. Mtu mwingine huyo ni nani? Muuguzi! Kasuku alimpigia simu mbele yangu, naye akakubali upesi mno.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Muuguzi ana utaratibu wake. Mtaa wetu una nyumba sitini. Anagonga kila mlango wa tatu, na anayefungua ndiye anayehojiwa. Hachagui sura, haangalii bustani. Nikamuuliza je, akifungua mtu asiyefaa? Akasema kaka, hapo ndipo utafiti unapoanza. Sikuelewa, ila nimeandika.

Mimi niliamriwa kukaa ng'ambo, kwenye benchi la fundi viatu. Nilikuwa na mpango mdogo. Mhojiwa akiniangalia, nitatikisa kichwa kidogo, kwa upole, kumsaidia. Kufikia nyumba ya pili Muuguzi alivuka barabara, akaniomba nigeuke niangalie ukuta. Fundi viatu alinigeuzia benchi yeye mwenyewe. Akasema shikamoo mwalimu, leo umekaa kona wewe.

Nikiwa nimeuelekea ukuta nilianza kuhesabu nyumba. Ya tatu, ya sita, ya tisa. Ya tisa ni yangu! Nikasimama, nikapendekeza tuhesabu kuanzia upande wa pili wa mtaa. Muuguzi akasema ameshabisha hodi.

Saa tano kasorobo. Mke wangu yuko sokoni. Aliyefungua ni shemeji, taulo begani, mswaki mdomoni. Miaka miwili hajawahi kumfungulia mtu mlango. Leo akamkaribisha Muuguzi ndani, akamvutia kiti. Wamecheka humo robo saa nzima.

Saa kumi tulijumlisha. Wanaoamka mapema na wanaochelewa, furaha sawasawa. Nusu kwa nusu. Muuguzi akaonyesha jambo jingine kwa kidole: wanaojipangia saa ya kuamka wana furaha, wanaoamshwa na wengine au na kazi hawana. Akasema hilo ni zuri sana, kaka. Zuri kwa nani?

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Asubuhi niliandika ripoti yote isipokuwa ukurasa wa mwisho. Kisha nikafanya hesabu tena. Nikiiondoa nyumba ya tisa, waamkao mapema wanaongoza kwa mtu mmoja. Mtu mmoja ni ushindi. Muuguzi yuko kwake, karatasi ziko kwangu. Nani atazihesabu?

Niliichukua karatasi ya shemeji, nikaiweka chini ya kamusi. Nikabeba kumi na tisa hadi kwa mchapaji aliye karibu na chuo. Nilikuwa nimeketi kando yake nikimsomea hitimisho, amefika kwenye neno imethibitika, mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

Shemeji. Anahema, shati limegeuzwa, kiatu kimoja hakijafungwa. Sijawahi kumwona akikimbia. Mkononi karatasi yake. Akasema shemeji, umeisahau yangu, nimeikuta nikitafuta maana ya neno, nikajua utakosa kwa ajili yangu na saa tisa inakaribia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama amefaulu.

Mchapaji alikuwa ameinua mikono juu ya kibodi, anangoja.

Niliitazama ile karatasi. Mwandiko wake ni mbaya. Swali la mwisho alikuwa amejibu kwamba asubuhi hufurahi kwa sababu akiamka hukuta nyumba ina watu.

Nikamwambia mchapaji afute. Aandike: nadharia tete haikuthibitika. Nikamwambia shemeji kwamba humu hakuna kufaulu wala kufeli. Maneno hayo yalinitoka mdomoni, sijui yalikuwa ya nani.

Saa nane na dakika hamsini nilikuwa ofisini. Kasuku alifungua ukurasa wa mwisho kwanza, akausoma amesimama. Akanipa mkono kwa mikono yote miwili.

Jumamosi, tarehe 24 Mei

Matokeo yamebandikwa. Nimefaulu. Nitahitimu.

Kasuku ameandika kwenye ripoti yangu kwamba nimeonyesha ujasiri wa kuripoti nisichokitaka. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Nadhani nimesifiwa kwa kukosea. Utaratibu huu wa vyuo ni wa ajabu.

Mimi nimepata sitini na nane. Muuguzi sabini na mbili. Sabini na mbili! Kazi ileile ya kugonga milango, na milango mingine aliigonga kwa niaba yangu.

Jambo hili linahitaji uchunguzi wa kina. Leo mchana nimejaza fomu ya shahada ya uzamili. Mada: upendeleo katika utoaji wa alama kwa wauguzi wastaafu. Sampuli: muuguzi mmoja. Hitimisho limeshakamilika, kurasa sita, safi. Kesho nikipata nafasi nitatafuta swali.