Furu Thelathini na Mmoja Chini ya Kitanda

Leo nimepatikana, jamani. Wewe wa Bunda ukimaliza kusoma barua hii mpelekee mwenzako wa Kisorya, maana sina nguvu ya kuandika aibu hii mara mbili. Mikono yenyewe bado inanuka samaki.

Mnajua nilivyokuwa naisubiri siku hii. Yule Daktari wa mambo ya samaki, mwanamama wa chuo kikuu, anatafuta mtu wa huku kwetu wa kumsaidia mwaka mzima kutambua aina za furu, hawa samaki wadogo wa ziwa letu, kabla sangara mla wenzake hajawamaliza. Mtu mmoja tu. Aliniandikia kwamba atapita hapa nyumbani, mbele kidogo ya Nyegina, aone mkusanyo wangu ndipo aamue. Miaka sita nakula vumbi la chaki Musoma, nafundisha urithi na mabadiliko ya viumbe kwa kuchora ubaoni (na mchoro wangu wa samaki wanafunzi huwa wanaudhania kiatu). Leo ndiyo ilikuwa zamu yangu ya kuyashika mambo hayo kwa mkono.

Na mkusanyo ulikuwa mkusanyo kweli. Furu thelathini na mmoja, kila mmoja wa aina yake! Miezi minne, kila Jumamosi alfajiri, nilikuwaga mwaloni, ufukweni kunakoshushwa samaki, kwa wavuta nyavu za kokoro, nachambua samaki wao mmoja mmoja, mpaka wakanibatiza Mwalimu Paka. Sasa tatizo likawa kuwahifadhi. Siku hizi kila kitu ruksa, maduka yamejaa sabuni na mitumba, lakini formalini, dawa ya kuzuia samaki wasioze, hakuna. Nikatumia akili. Nikawatia chumvi, nikawakausha juani kule shuleni, kila mmoja nikamsokomeza kikaratasi cha namba mdomoni, nikaja nao nyumbani likizo hii nikawafungia kwenye sanduku langu la bati chini ya kitanda. Mama sikumwambia kitu. Nilidhani sayansi itamchosha.

Asubuhi nikamwomba Mama apike kitu cha heshima, mgeni ni mtu mkubwa. Kwetu mnakujua, mgeni haulizwi habari ya kazi kabla hajanawa na kula. Nikaenda kumngoja barabarani nikiwa nimevaa suruali yangu ya mtumba yenye mikunjo mikali. Akafika saa saba. Tukaingia ndani, nikakuta meza imetandikwa kile kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Nikafurahi sana. Sikujiuliza kimetoka wapi.

Mama akaleta ugali wa muhogo, akaleta na bakuli kubwa la samaki waliolala kwenye mchuzi wa nyanya na karanga. Daktari akavuta harufu, akasema furu hajawaonja tangu yuko mtoto. Nikajiambia Mama ni Mama, katika shida hii ya furu amewatoa wapi hata sijui. Nikala. Ndugu zangu, nilikula kama mtu aliyeahidiwa kupandishwa cheo.

Furaha ikanipanda kichwani. Hotuba niliyoiandaa kwa ajili ya mkusanyo nikaona niianze hapo hapo mezani. Nikamwinua furu mmoja kwa mkia.

"Daktari," nikasema, "hawa wote ni ukoo mmoja, lakini hawafanani. Huyu amerithi mdomo mpana, yule meno mafupi, mwingine rangi. Likija balaa kama hili la sangara, hawafi wote sawasawa. Wenye kilichowafaa wanabaki, wanazaa, na watoto wanakirithi. Tofauti hizi ndiyo akiba ya ziwa. Ikiliwa, imeliwa."

Nikamtafuna kichwa. Daktari akatikisa chake kwa kukubali, akaandika kitu kwenye daftari. (Nilikuwa nimeshaanza kuona mshahara mpya.) Nikamwambia asubiri tu, hapa ameona maneno, bado hajaona mali.

Mara Daktari akaacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akavuta kitu taratibu, akakiweka ukingoni mwa sahani na kukikunjua kwa ncha ya kijiko. Kikaratasi kigumu kidogo, kimelowa mchuzi. Mwandiko nikautambua, ulikuwa wangu. Namba 17. (Penseli haifutiki jamani, hata kwa karanga.)

Niliinuka nikaenda chumbani mbio. Sanduku liko wazi. Ndani kuna cheti changu cha ualimu, shati moja na harufu.

Niliporudi Mama alikuwa ameingia na maji ya kunawa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kabisa, Mama, samaki hawa umewatoa wapi. Kumbe alikuwa anangoja hilo swali tangu asubuhi. Akaweka birika chini.

"Acha mgeni naye asikie," akasema. "Nimeingia chumbani kwako kutafuta kitambaa cha meza sandukuni, nakuta samaki wamefungiwa chini ya kitanda. Mimi mama yako wiki nzima nakulaga mlenda. Ile miaka ya foleni watu walifichaga sukari, nikasema ni shida. Shida yenyewe imepungua, wewe ndiyo unaanza kuficha kitoweo? Nikasema napika wote, mgeni ale, aibu iishe leo."

Wote? Wote. Na vile vikaratasi? Alivyoviona aliwashia jiko.

Nikamweleza kwamba wale hawakuwa kitoweo, walikuwa kazi yangu, miezi minne. Mama akanitazama, hasira ikamwisha usoni.

"Si ungeniambia," akasema.

Nikakaa chini. Niseme kweli, machozi yalikuwa karibu. Namba 17 nilimpata mmoja tu, na wavuvi walisema hawakumbuki mwingine mwaka huu. Nafasi yangu ya maisha imo tumboni mwa mgeni, na mimi mwenyewe nimemaliza wanane kwa kinywa changu. Darasani huwa nafundisha kwamba mazingira ndiyo yanayoamua nani abaki na nani aondoke. Sikuwahi kufikiri mazingira yanaweza kuwa Mama.

Daktari akanawa, akamgeukia Mama, akamwonyesha mabaki sahanini mwake, akamuuliza kwa upole kama anamkumbuka huyu samaki aliyekutwa na karatasi.

"Huyo mla konokono?" Mama akasema. "Ana kinu cha meno kooni, ndiyo maana karatasi ilinasa. Nyama yake ngumu, nilimtangulizaga chunguni kabla ya wenzake. Anakaaga kwenye mchanga. Siku hizi simwoni, nadhani sangara kammaliza. Wa midomo minene wapo, wanakaaga kwenye mawe, sangara hawezi kuingia humo."

Daktari akavuta daftari. Mama akavuta ungo. Akaanza kupanga mifupa na vichwa vilivyobaki, huyu na wenzake hapa, yule pale, huku akieleza kila mmoja anakula nini, anakaa wapi na alianza kupotea lini. Nami nimesimama pembeni nimeshika birika. Nilidhani nimeshafika mwisho wa aibu. Bado.

"Halafu mwanangu," akasema bila kuinua kichwa, "hao hawakuwa aina thelathini na moja. Wale wekundu kumi na wawili na wale wa kijivu kumi na wawili ni mume na mke, kila mwekundu na wa kijivu wake. Mbona uliwatenga?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi, sijui ni uchungu au nini, nikajikuta nacheka mpaka nimekaa sakafuni na birika langu. Miezi minne nilikuwa navunja ndoa za watu.

Alipotulia akamuuliza Mama aina ni ngapi basi. Kumi na tisa, Mama akajibu, na alipotaja ya mwisho ungo ulikuwa umejaa. Daktari akafunga daftari, akasema mtu wake amempata. Nikajiweka sawa shati. Akampa mkono Mama.

Nami sikutupwa. Mama mkono wake haupatani na penseli, kwa hiyo nimeajiriwa niwe namwandikia, siku za Jumamosi na wakati wa likizo. Mkitaka kucheka, chekeni huko huko Bunda na Kisorya. Bosi wangu yuko jikoni anasugua chungu, na ameshaniagiza: kesho alfajiri mwaloni, nisichelewe, na lile sanduku nisilete.