Mstari wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Tangazo limebandikwa. Wachoraji ramani wawili wanatakiwa, ghorofa ya pili, kwenye madirisha. Mtihani keshokutwa. Waombaji ni wawili tu: mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu. Miaka kumi na tisa nakunja ramani za wenzangu huku stoo, chini ya balbu moja, kuta zina kuvu. Shemeji amekuja na daftari, eti anifundishe kutafuta mlinganyo wa mstari sambamba. Nikamjibu kwamba nilichora mistari sambamba yeye akiwa bado anatambaa. Uongo mtupu. Sijui hata pa kuanzia.

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua kitabu. Nimekifunga. Mke wangu kanyoosha shati jeupe na kuwatangazia dada zake wote kwamba nahamia juu. Sina pa kukimbilia. Lakini mpango ninao! Nitakaa nyuma ya shemeji. Mwandiko wake mkubwa kama kibao cha duka. Nitabadilisha tarakimu moja, isijulikane.

Jumatano, 6 Machi
Swali lenye alama nyingi: tafuta mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta (1, 9), ulio sambamba na y = 2x + 3. Jasho. Shemeji akaandika y = 2x + 7, akainama kujikuna mguu. Mungu ambariki mbu huyo. Nikaandika y = 3x + 7. Nimetoka kifua mbele.

Ijumaa, 8 Machi
Msimamizi, mama asiyecheka, katuita sote wawili. Akachora mistari kwenye karatasi ya miraba. Wa shemeji ukaenda na wa swali bega kwa bega. Wangu ukaukata wa shemeji penye saba.

"Mbili ulipewa kwenye swali," akasema. "Ndiyo mteremko, na mistari sambamba ina mteremko mmoja. Cha kutafuta kilikuwa saba tu. Umewezaje kupata saba ukapoteza mbili?"

Nikasingizia macho. Kwa ajili ya ile miaka kumi na tisa, kanipa marudio Jumatano. Nikishindwa, nafasi inakwenda kwa mtu wa nje.

Kwenye ngazi shemeji akasema polepole, "Shemeji, si ungeniuliza tu."

Afadhali angenicheka. Nyumbani mke wangu amerudisha shati kabatini. Nimeumia sana.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji ameleta daftari lake, ingawa ameshahamia juu. Kaandika kila hatua: chukua mteremko uleule; weka nukta, 9 = 2 × 1 + namba; namba ni saba. Mke wangu kaniuliza kama nimeelewa. Nikasema kabisa. Akatabasamu, akalitoa shati tena.

Nimechana kipande chenye jibu, nimekishona ndani ya mkono wa shati. Hatua nimezitupa, zinajaza nafasi bure. Na safari hii sirudii kosa la kubadilisha tarakimu moja. Nitabadilisha zote mbili.