Kuhusu Kung'olewa kwa Kichaka Changu, na Ikibidi Mimi Mwenyewe

Kwa Mwalimu wa Sayansi, mlezi wa Klabu ya Mazingira,

Mwalimu, pokea heshima zangu pamoja na vitabu vya ikolojia mlivyoniletea nivitie majalada mapya. Kati ya arobaini, thelathini na tisa viko tayari. Kimoja nimekizuia mezani kwa uchunguzi, maana katika miaka yote ya kushona vitabu vya watu sijawahi kushona kitabu kinachonihukumu.

Jumatano wanafunzi wako walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza ni mimea gani iliyoletwa kutoka mbali. Mimi, kwa fahari ya kizee, niliwaonyesha kichaka cha maua meupe kilicho chini ya dirisha langu, ninachokimwagilia kila jioni. Nikawaeleza kuwa nilikuja na kijiti chake kimefungwa kwenye kitambaa kilicholowa, mwaka tulipohamishwa kupisha bwawa. Wakanishukuru kwa adabu, kisha wakakifunga utepe mwekundu. Utepe huo, nimeambiwa, maana yake ni kung'olewa Jumamosi. Nimeponzwa na ulimi wangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukurasa wa 41 unasema mmea vamizi ni ule ulioletwa na watu, ukaenea, na sasa unawanyima wenyeji mwanga, maji na nafasi. Mjukuu wangu, mwanachama wako mwaminifu, aliusoma kwa sauti wakati wa chai, kisha akanitazama. Nakiri: kiti changu kimekaa dirishani tangu kabla mama yake hajaolewa. Nakiri pia ndoo mbili za kuogea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa, nimelima nalo miaka thelathini na nane, ila jina halijabadilika. Karani wa mtaa bado huniuliza nimetoka wapi, tena polepole, kama anayesema na kiziwi. Je, mgeni huwa mwenyeji baada ya miaka mingapi? Nimetafuta hata kwenye faharasa.

2. Kama ni haki, iwe haki. Mahindi ya shamba la shule hayakuanzia hapa. Mababu wa mababu zetu hawakuyajua. Mikaratusi ya uwanjani nayo ilikuja na pasipoti. Hata wewe, Mwalimu, ulihamishiwa hapa mwaka juzi, na tayari umeenea kwenye kwaya, kamati ya maji na uongozi wa timu ya mpira. Sijakuona na utepe.

3. Umewafundisha kwamba kila eneo lina idadi ya viumbe linayoweza kuihimili. Mjukuu wangu akapima nyumba yetu: vyumba viwili na sebule, choo kimoja, watu sita. Akapata kwamba tumezidi kwa mmoja. Hakumtaja. Mkwe wangu akasema hesabu ni hesabu, akaendelea kula huku akiyakwepa macho yangu.

4. Mnyororo wa chakula umebandikwa ukutani sebuleni: jua, mchicha, kuku, sisi. Hata mavi ya kuku yana mshale wake unaorudi kwenye mchicha. Kwangu mishale inaingia tu. Hakuna hata mmoja unaotoka. Nilipouliza sababu, mtoto akanijibu kwa upole wa daktari: "Babu, wewe hujaoza bado." Kisayansi ni kweli.

5. Utaniambia mmea urudishwe ulikotoka. Naafiki, ila kwetu kuko chini ya maji, na mwenyeji wa uani kwa mama yangu sasa ni kambale. Kitabu kinaita jambo hilo kupotea kwa makazi, kikalitengea mistari minne na picha ya chura. Sina ugomvi na chura. Nasema tu kwamba kichaka kile ndicho kipande pekee cha ua ule ambacho hakikuzama.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Utepe ufunguliwe, au, kanuni ikibaki, ning'olewe nami Jumamosi hiyohiyo, baada ya chai. Ukurasa wa 44 unaagiza mmea utolewe na mizizi yote, maana ukikatwa juujuu huchipua, kisha uanikwe mizizi ikitazama jua. Nina nguo nyepesi zinazofaa shughuli hiyo.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa shule, klabu nzima kuanzia mwenyekiti hadi mshika utepe, na chura wa ukurasa wa 52.

Wako katika kuvamia kwa amani,
Fundi Majalada,
nyumba yenye utepe

Nyongeza: Nilikuwa natafuta ukurasa wa chura, mjukuu wangu akachukua kitabu, akachuma jani dirishani na kuliweka juu ya ukurasa wa 60, penye "Mimea ya asili ya bonde hili". Jani, ua, hata miiba midogo, vikalingana. Nikasema kitabu kimekosea. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, aliyekuja kutujulia hali, akatua kikombe. "Shemeji, tusamehe," akasema. "Kile cha kwenu kilikauka mwaka uleule, wewe ukiwa kazini mjini. Dada alikwenda mtoni akatafuta chenye maua meupe, akakipanda palepale, akatuapisha tusikwambie."

Basi futa namba moja hadi tano. Kichaka ni mwenyeji kuliko karani wa mtaa, na mgeni nimebaki mimi peke yangu. Kitabu cha arobaini nimekishona, hakina kosa.

 Mjukuu wangu alikwenda ukutani na kalamu, akachora mshale unaotoka kwangu kwenda dirishani, akauandikia "maji".

Utepe wenu nimeuweka humu ndani ya bahasha. Hauna doa, mnaweza kuutumia kwa mikaratusi.