Maneno ya Marehemu Mpiga Dramu

Jumatatu, 3 Juni
Siku nzima mteja mmoja. Alitaka kujua kinyozi yuko wapi. Nikamwonyesha, mlango wa pili, roho ikiniuma. Tangu kinyozi atundike televisheni kubwa ukutani, hata wenye upara wanakwenda kunyolewa. Mimi, fundi wa redio na gramafoni kwa miaka kumi na tisa, nimebaki na vumbi langu.

Lakini! Nikipanguza rafu nimeikuta santuri ya bendi ya roki ya mji wetu, wale wa nywele ndefu wa zamani. Wimbo wao ule mmoja kila mtu anaujua. Na kila mtu anajua kwamba katikati, gita likitulia, kuna sauti inanong'ona. Ni ya mpiga dramu. Wiki tatu baada ya kurekodi, homa ikamchukua. Watu wanasema alikuwa anajitabiria. Wanasema pia ukiupiga wimbo kinyumenyume, anasema waziwazi.

Nani mwenye gramafoni inayofanya kazi mtaa huu? Mimi. Nani mwenye akili? Nisijisifu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeizungusha santuri kinyumenyume kwa kidole. Mara ya kwanza: mbuzi ndani ya pipa. Mara ya pili: mbuzi yuleyule. Mara ya tisa nikasikia kitu kama "sisu... biri". MSINISUBIRI! Nywele zikanisimama.

Nikamwita dada yangu mkubwa athibitishe. Akasikiliza kwa makini, akasema amesikia "sufuria". Papo hapo akakumbuka ameacha sufuria jikoni, akatoka mbio. Si shahidi wa kutegemewa.

Nimebandika tangazo mlangoni: Jumamosi, saa kumi jioni, njoo usikie maneno ya mwisho ya marehemu, "Msinisubiri".

Jumatano, 5 Juni
Mtaa mzima unazungumzia tangazo! Wivu umempanda kinyozi. Anawaambia wateja kwamba mimi sijui kitu, kwamba mpiga dramu alikufa kabla ya kurekodi, na anayesikika ni mtu aliyefanana naye. Nikamuuliza, mbele ya watu wote, marehemu alikufaje tena wiki tatu baadaye. Akasema hiyo ndiyo siri yenyewe. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikarudi dukani. Jibu nimelitafuta mpaka jioni.

Alhamisi, 6 Juni
Laiti nisingefungua duka leo.

Amekuja Mwalimu. Alinifundisha hesabu darasa la sita, na hadi leo nikimwona naficha mikono nyuma. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama mbele ya tangazo muda mrefu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mpiga dramu alikuwa mume wake.

Akaniambia hajawahi kuusikiliza wimbo ule. Tangu waanze kusema marehemu alijitabiria, aliogopa. Ukipigwa redioni anazima. Nyumbani hana sauti ya mumewe popote, ana picha tatu tu, na sasa ameanza kusahau alivyokuwa akiongea. Akauliza kama kweli alisema wasimsubiri. Maana yeye, akasema, alimsubiri.

Hapo ningesema ukweli. Badala yake nikasema ngoja nikupigie. Nikaweka santuri. Ikatoka krrr, basi. Sindano imekatika kwa kuzungushwa nyuma. Mwalimu akasema atarudi Jumamosi, akanishukuru. Akanishukuru!

Nimemweleza dada. Hakufoka. Akasema nimemrudisha mwanamke wa watu matangani ili niuze redio.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi nimekwenda kwa mpiga gita wa bendi ile, tunayemwita Mzee Nyuzi. Siku hizi anauza rangi za nyumba. Nikamuuliza rafiki yake alisema nini pale katikati ya wimbo. Akaweka kopo chini. Akasema miaka yote hii watu wanakuja kumweleza maana ya wimbo wake, ila kumuuliza, mimi ndiye wa kwanza. Nikafurahi. Lakini akakataa kuniambia, akasema mwenye haki ya kusikia kwanza si mimi, na Jumamosi atakuja mwenyewe. Nikanywea.

Sindano kama ile mjini ipo moja tu, kwenye gramafoni ya pambo ya kinyozi. Nimekwenda. Nimeomba. Nimeungama kila kitu huku mteja akicheka na sabuni usoni. Kinyozi hakucheka. Akaichomoa sindano mwenyewe. Mwalimu, akasema, alimfundisha na yeye.

Jumamosi, 8 Juni
Watu wamejaa hadi barabarani. Nikatangaza kwamba "Msinisubiri" niliitunga mimi. Wakaguna. Mmoja akataka kuondoka, ila hakuna aliyempisha. Mwalimu, kwenye kiti cha mbele, akasogea karibu na gramafoni.

Nikaupiga wimbo kawaida, kwenda mbele. Gita likatulia. Mnong'ono ukapita. Mwalimu akajishika kifua. Mzee Nyuzi akainuka, akaeleza kwamba siku ile walikuwa na nafasi ya kurekodi mara moja tu, na maikrofoni ilikuwa wazi.

"Anauliza, nani kakalia miwani yangu," akasema. "Alitulaumu sisi mpaka mwisho. Na wallahi hatukuigusa."

Kicheko kikalipuka. Kisha tukaona Mwalimu hacheki.

"Ni mimi," akasema. "Niliikalia asubuhi ile. Nikairudisha mfukoni mwa koti lake, nikanyamaza."

Akafunika uso. Mabega yakatikisika, na sikujua kama analia, mpaka alipoinua kichwa na kuonekana anafanya yote mawili, machozi na kicheko. Akaomba nirudie. Nikarudia mara kumi na moja. Kila ikifika pale, alijibu kwa sauti ndogo, mimi bwana, nisamehe. Mzee Nyuzi akatazama dari. Kinyozi akasema kuna nywele zimemwingia jichoni.

Nimempa Mwalimu gramafoni na santuri, sindano ikiwemo. Kinyozi hakuidai.

Jumapili, 9 Juni
Nimemwapia dada, mkono juu, kwamba nimejifunza. Wimbo ni wimbo. Marehemu waachwe wapumzike. Sitatafuta tena maana iliyofichwa popote. Dada amefurahi, kanimiminia chai kikombe cha wageni.

Jumatatu, 10 Juni
Nimepata kwa mzee mmoja jirani kaseti ya bendi ileile. Picha ya mbele ina watu wanne. Nimehesabu vivuli. Vitano!

Na wimbo wa tatu, mwanzoni kabisa, mtu anakohoa mara tatu. Mtu hakohoi mara tatu bila sababu. Mzee Nyuzi anasema ilikuwa mafua. Bila shaka ameagizwa aseme hivyo.

Tangazo nimeshaliandika. Dada hajaliona. Kinyozi ameliona, na ameomba kiti cha mbele.