Mkanda wa Taa wa Kumrudisha Ildefonsa

Jumatatu, 4 Agosti

Wiki ya tatu bila Ildefonsa. Leo tena nimesonga ugali wa watu wawili. Nimekula wa mmoja, wa pili nikautazama.

Shemeji yangu Audax amepiga simu kutoka Rulenge. Jumapili wazee wa kwao watakaa. Niende na mshenga na dumu la pombe ya ndizi, niseme mbele yao kwamba nilikosa kuuza mbuzi wa mke wangu bila kumwambia. Mbuzi wenyewe wawili tu! Tena waliuzwa kwa maendeleo: mashine ya kutotolesha mayai. Kwamba mashine iliyachemsha ni suala la kiufundi.

Mimi, Leonidasi, nibebe dumu watu wakiniona? Sahau. Atarudi kwa miguu yake. Kwenye harusi ya mdogo wake alizisifu sana taa za ukumbini, zile ambazo rangi inatembea ukutani. Nitafunga kama zile sebuleni. Jirani yangu Marcel amening'iniza taa za rangi dukani kwake, basi anatembea kama mkuu wa wilaya. Zangu zitatii simu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Joyness, fundi wa simu na redio hapa Lusahunga, karibu na wanapoegesha malori. Anaijua kazi yake, ila anauliza mno.

Kasema mikanda ya taa iko ya namna mbili. Wa nyaya nne, taa zote hubadilika rangi kwa pamoja. Wa nyaya tatu, kila kitaa kinapokea amri yake, kimoja chekundu, jirani yake kijani. Nikachukua wa nyaya tatu, sikutaka hata kufikiri. Halafu kuna wa volti tano na wa volti kumi na mbili. Kwa ukuta mrefu, kasema, chukua kumi na mbili, la sivyo umeme unachoka njiani na mwisho wa mkanda unageuka mwekundu. Nikamwambia tano naijua, ndiyo ya chaja ya simu, na kumi na mbili siijui. Tano. Mita kumi.

Akauliza sebule ina ukubwa gani. Nikamwambia. Akauliza wanakaa watu wangapi. Nikamwambia apime mkanda.

Jumatano, 6 Agosti

Siku nzima juu ya kiti. Umeme nimeuchukua kwenye waya wa balbu ya katikati, kupitia kipunguza volti alichonipa Joyness. Balbu nimeing'oa pamoja na kishikizo chake, nimetupa. Ya nini tena?

Nimewasha. Kimya. Nimempigia Joyness. Ameuliza kama nimetazama mishale. Kumbe mkanda una vimshale! Amri inaingia kichwani, inapokezanwa kitaa kwa kitaa mpaka mkiani, na hairudi nyuma. Mimi nilikuwa nimeanzia mkiani. Nimeubandua wote, ukatoka na rangi ya ukuta. Ildefonsa ndiye aliyechagua rangi ile.

Alhamisi, 7 Agosti

Zimewaka! Bluu, zambarau, kijani, zinakimbizana. Nikaweka nyeupe. Mwanzo nyeupe kweli, mwisho imekuwa nyekundu kama Joyness alivyosema. Sijampigia.

Programu ya kwenye simu ilitaka mkanda uwe na jina. Nikaandika Ildefonsa. Sasa nikikaa karibu simu inasema, "Umeunganishwa na Ildefonsa." Nikienda jikoni inasema, "Ildefonsa hapatikani." Nimekwenda jikoni na kurudi mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Mkanda ulibaki mita tatu. Nimezipitisha nje, chini ya bati, zitazame barabara. Nikamtumia mke wangu picha. Hajajibu. Nilikaa mbele ya taa zangu nikageuka kusema "tazama", kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Niandike ukweli: nina upweke.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Saa moja jioni lori la kwenda Rusumo limesimama mbele ya nyumba yangu. Dereva akaingia, akaomba bia ya baridi na chumba. Nikamwambia hapa ni nyumbani kwa mtu. Akatazama taa, akanitazama mimi, akaomba radhi. Dakika kumi, likaja la pili. Marcel akavuka barabara kuniuliza kama kibali cha baa nimekipata Biharamulo au Ngara. Mshenzi.

Dereva wa tatu anaitwa Ntwari, anapeleka saruji Kigali. Nimechoka kueleza, nikamkaribisha chai na karanga. Akakaa kwenye kiti cha pembeni. Akasifu taa. Akanisimulia habari za mke wake, kwamba humpigia kila anapoegesha. Akauliza wangu yuko wapi, nikasema sokoni. Alipoondoka nimeosha vikombe viwili. Nimefurahi kuosha vikombe viwili.

Taa za nje nimeziacha ziwake.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa. Abiria wa basi amezipeleka habari Rulenge: Leonidasi amegeuza nyumba ya ndoa kuwa baa, na kwenye kaunta kuna mwanamke. Audax kapiga simu, sauti ya chini, ile mbaya. Nimekana. Akasema kesho njoo ukane mbele ya wazee.

Baadaye akaja Mzee Privatus, mshenga wetu tangu siku ya posa. Shikamoo, marahaba. Viatu ameshavipiga rangi kwa ajili ya safari. Nikamweleza kwamba kesho siwezi, taa hazijatulia. Akasema, "Mwanangu, mke anafuatwa. Haitwi kwa taa kama kumbikumbi."

Wazee wetu na teknolojia, ndiyo hivyo. Mimi nimemwandikia Audax: Ildefonsa aje mwenyewe aone kama kuna baa. Ujanja huo! Akija, nimeshinda bila dumu.

Jumapili, 10 Agosti

Amekuja. Saa nane mchana, baada ya misa, na kitenge kile cha maua. Nilikuwa nimeziba madirisha kwa mablanketi ili taa zionekane. Nilisahau hata kumpokea mkoba.

Nikamwonyesha upinde wa mvua. Nikamwonyesha moto. Nikamwonyesha mawimbi. Akasubiri yaishe, akaomba niwashe taa ya kawaida, anataka kuniona uso tukiongea. Nikaweka nyeupe. Alikuwa amekaa upande wa mwisho, kwenye wekundu, nami mwanzoni. Hatukufanana, kama watu wa nyumba mbili.

Akaniuliza, bila hasira, kwa nini sikumwambia kuhusu mbuzi. Neno lilikuwa mdomoni. Naapa lilikuwepo, "nimekosa", nililisikia kwenye ulimi. Hapo mtandao ukakatika, taa zote zikaanza kupepesa bluu. Nikamwambia subiri kidogo, nikapanda kiti.

Niliposhuka alikuwa ameshatoa blanketi dirishani na mkoba uko begani. Akasema, "Leonidasi, nilikuja kusikia neno moja tu." Nikamwambia mtandao sasa umerudi. Akaenda kusubiri basi la Ngara. Nilimwona dirishani mpaka basi likaja. Sikutoka nje. Nililia, na hapa sifichi.

Jumatatu, 11 Agosti

Audax amepiga. Wazee wamekubali kunisubiri Jumapili moja tu, ya mwisho. Nisipokwenda, watakuja na pikapu kuchukua vyombo vyake.

Basi asubuhi yote nimekaa kulitafuta kosa langu. Kwa unyenyekevu kabisa, bila kujipendelea. Na nimelipata. Alitaka kuniona uso, na mkanda wangu hauna nyeupe yake. Unachanganya nyekundu, kijani na bluu ndipo unaigiza nyeupe. Mwanamke gani atasamehe uso wa namna ile? Joyness anasema iko mikanda ambayo kila kitaa kina nyeupe halisi ndani. Kuna dereva anaweza kuniletea mmoja kutoka Dar. Nimemwambia aagize leo leo.

Utafika Jumapili. Nimempelekea Mzee Privatus ujumbe kwamba Rulenge haitawezekana, lazima niwepo hapa kupokea mzigo.