Cherehani ya Miguu na Dhana Iliyofichika

Kwa Mwenyekiti,
Baraza la Mtihani wa Kuingia Chuo Kikuu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUONDOLEWA KWA SEHEMU YA TATU, "KUPIMA HOJA", AU KUZUIWA KWA BINTI YANGU, LOLOTE LITAKALOWAHI

Salamu nyingi kwako na kwa wote wanaokaa ofisini humo kutunga maswali. Natumaini mu wazima, viti vyenu havipigi kelele na chai inawafikia ikiwa bado ya moto. Mimi ni mzima wa mwili. Kinachoniumiza ni kitabu chenu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka ishirini na sita katika chumba kilekile: meza ya kukatia, pasi ya mkaa, kioo kirefu chenye ufa mmoja kwenye kona, na cherehani moja. Nina mke, ambaye ni muuguzi wa zahanati, na mtoto mmoja wa kike ambaye mtaa mzima unamwita Futi, kwa sababu tangu ana miaka minne alizunguka na futi ya kupimia shingoni, akipima paka, viti na miguu ya wateja waliokaa.

Futi anajiandaa kwa mtihani wenu. Miezi mitano iliyopita alileta kitabu cha mazoezi, jalada la bluu, kurasa mia mbili na kumi. Sehemu ya hesabu sina neno nayo. Sehemu ya lugha pia, nawapongeza. Lakini hiyo ya tatu! Mnamleta mtu anayetoa hoja, maskini wa Mungu, hana kosa na yeyote, kisha mnamuuliza mtoto wangu: ni dhana gani iliyofichika ndani ya hoja hii? Ni kauli ipi, ikiwa kweli, itaidhoofisha? Chagua A hadi E. Yamenifika shingoni, na malalamiko yangu nayapanga kwa namba, maana nyie ni watu wa namba.

1. Kila fundi cherehani ana maneno matatu ya akiba: umeme ulikatika, imebaki vifungo tu, na njoo Ijumaa. Si uongo. Ni adabu ya kazi. Fundi anajua, mteja anajua, na wanaagana kwa amani. Basi siku moja alikuja Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani kuchukua suti yake. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba umeme ulikatika. Futi alikuwa kwenye kigoda chake pembeni, swali la kumi na tisa. Akainua kichwa na kusema kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu. Baba, hoja hiyo ina dhana iliyofichika. Inachukulia kwamba cherehani yetu inatumia umeme." Mwalimu akaitazama cherehani. Nami nikaitazama. Ni ya miguu, Ndugu Mwenyekiti, ya kukanyaga, na imekuwa ya miguu tangu siku niliyoinunua. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mteja aliyewahi kuiangalia vizuri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikujua kwamba walikuwa wanazungumza na mafundi cherehani hasa.

2. Ukutani kwangu nimeandika kwa rangi nyekundu HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Maneno hayo yamenilinda kuliko kufuli la mlangoni. Futi aliyasoma upya, baada ya kuyaona maisha yake yote, akasema kwamba kusema haraka haina baraka hakuthibitishi kwamba kuchelewa kunayo. Kulikuwa na mama mmoja kwenye benchi, anasubiri gauni la harusi ya mwanawe, na huyo mwana tayari ana mtoto anayetambaa. Alipiga makofi. Tangu hapo wateja wanakuja wamejiandaa. Kinyozi wa mlango wa pili, mtu niliyemheshimu, nilipomwambia suruali yake imebaki vifungo tu, aliomba aione hiyo suruali iliyobaki vifungo. Ilikuwa bado kitambaa. Haikuwa hata imekatwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hiyo yangu nyie mmeikata kabisa hata pa kugeuzia hakuna.

3. Nyumbani pia mmeingia. Kwa miaka mingi nilikuwa na hoja imara: kila nikiosha vyombo sahani moja huvunjika, kwa hiyo si busara mimi kuosha vyombo. Mke wangu aliikubali kwa unyonge. Futi, akiwa amefika kwenye maswali ya sababu na matokeo, akamwambia mama yake kwamba yapo maelezo mengine yanayowezekana, kwamba pengine sahani huvunjika kwa sababu mwoshaji anataka zivunjike. Wakapanga jaribio. Nioshe mimi kwa wiki mbili, na sahani ikivunjika iwe ni yangu, yaani nile kwenye kifuniko cha sufuria. Leo ni wiki ya sita. Haijavunjika hata moja. Najua jambo hili linaidhoofisha hoja yangu na sihitaji kukumbushwa, ingawa humu ndani kuna watu wawili wanaonikumbusha kila jioni.

4. Maswali yenyewe yana makosa. Mfano ni swali la thelathini na moja. Kiwanda fulani cha mashati kilibadilisha vifungo vya plastiki kikaweka vya chuma, malalamiko ya vifungo kudondoka yakapungua nusu, na meneja akahitimisha kwamba vifungo vya chuma havidondoki ovyo. Mnauliza nini kitaidhoofisha hoja yake. Kitabu kinasema jibu ni C, kwamba mwaka huo mashati yaliyouzwa nayo yalipungua nusu. Ndugu Mwenyekiti, nimeshona vifungo vingi kuliko nywele nilizowahi kuwa nazo. Kifungo hakidondoki. Uzi ndio unaoachia. Nimesoma A, B, C, D na E, hakuna hata moja inayotaja uzi! Nani aliwatungia swali hilo, mtu anayevaa fulana tu?

Halafu hawa watu wenu wa "mji fulani". Swali la arobaini, wamepungukiwa maji. Swali la sitini na tatu, barabara zao zimejaa magari. Swali la tisini na nane, panya wameongezeka. Meya wao kila mara anatoa pendekezo na kila mara mnalidhoofisha, kisha mnahamia kwa kampuni fulani bila kutuambia yule meya aliishia wapi. Hilo linamkosesha mtu raha. Pengine mtauliza nimeyajuaje maswali haya yote. Niliyasoma kwa upelelezi tu. Niko la mia na arobaini.

5. Sasa naomba usome polepole. Ni muda sasa Futi ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano. Mimi husema vidole vimechoka. Katika hilo hajawahi kuniuliza dhana iliyofichika. Mke wangu ananisihi mwaka wa tatu nikapimwe macho, nami namjibu kwamba fundi mwenye miwani anawatangazia wateja kwamba haoni anachoshona.

Wiki mbili zilizopita nilishona suruali nyeusi ya Mwalimu Mkuu kwa uzi wa kahawia, mapindo na mifuko yote. Mimi niliuona mweusi. Futi aliiona asubuhi alipofungua duka. Nikasubiri aniulize, na jibu nilikuwa nalo tayari, kwamba taa ya dukani ni hafifu. Hakuuliza. Alichukua wembe, akakaa mlangoni penye mwanga, akafumua mshono mmoja mmoja, akaanza kushona upya kwa uzi mweusi. Mwalimu akatokea kabla Futi hajamaliza. Binti yangu akasimama, akamwamkia, akamwambia, "Tusamehe Mwalimu, umeme ulikatika."

Mwalimu akaitazama cherehani. Akamtazama Futi. Akasema haina shida, atapita Ijumaa.

Binti yangu ameniaibisha kwa ukweli wake mbele ya wateja si chini ya mara ishirini, na kila mara nilikasirika. Siku hiyo alidanganya kwa ajili yangu, na nilitamani sana aniaibishe. Nilikwenda nyuma ya kioo nikajifanya natafuta pini. Machozi yalinitoka. Lawama hii pia naiweka kwenu, maana sijui niiweke wapi kwingine.

6. Kesho yake, nikitafuta vifungo vya koti la Mwalimu, nilikuta chini kabisa ya droo fomu yenu ya kujiandikisha. Imejazwa yote kwa mwandiko wake ulionyooka. Mahali pa sahihi ya mzazi ndipo palipokuwa peupe. Imeandikwa wazi kwamba mhuri wa posta usipite Ijumaa ya wiki inayoanza kesho. Nikamuuliza, mbona haijaondoka? Akanijibu kwa mtindo wenu. "Baba, chuo kiko mbali. Wewe tundu la sindano hulioni. Mimi naliona. Kwa hiyo nabaki." Kisha akaniomba kidonge cha uzi mweupe na kuendelea na kazi.

Ni hoja fupi na imenyooka. Nilishinda nayo siku nzima nikiitafutia kasoro, A hadi E, kama mnavyoelekeza ukurasa wa nane. Sikuiona.

Mnaona basi mlichokifanya. Mmemfundisha binti yangu kupima hoja za watu wote wa mji fulani, na hoja ya kwanza aliyoitoa kwa ajili ya maisha yake mwenyewe ni ya kubaki kwenye kigoda. Nami ni nani nishindane na kitabu cha kurasa mia mbili na kumi? Naiunga mkono. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, sehemu ya tatu ifutwe. Ikiwa haifutiki, basi kwenye jalada la bluu liandikwe onyo kwamba kitabu kisifunguliwe karibu na duka la fundi cherehani, hatua mia kila upande. Ikiwa hata hilo ni gumu, liongezwe swali moja tu ambalo jibu lake sahihi ni "Baba ana haki", nalo lipewe alama nyingi. Mwisho, na hili ndilo kubwa, fomu ya Futi ikiwafikia kwa bahati mbaya, irudisheni. Duka linamhitaji. Mimi namhitaji, tena sana, na sioni aibu kuliandika hilo mbele ya Baraza zima.

Nimalizie kwa kuwatakia kheri. Nisalimieni katibu, wapiga chapa, mlinzi wa getini, na mtunzi wa swali la thelathini na moja ambaye namtakia kifungo kidondoke siku ya kikao. Wakazi wa mji fulani wasalimiwe wote, hasa meya. Mke wangu anawasalimu. Futi angewasalimu, ila hajui kama nawaandikia.

Wenu katika kazi, na mwenye subira kuliko wateja wake,

Fundi Cherehani,
mlango wa pili kutoka kwa kinyozi.

Tanbihi: Barua hii niliimaliza Jumapili, ikakaa mezani siku tatu kama vitu vyote vinavyoingia dukani kwangu. Ndani ya siku hizo niliipata kasoro. Dhana iliyofichika katika hoja ya Futi ni kwamba baba yake ataendelea na ukaidi wake mpaka kaburini. Haimo kwenye kitabu, nimeigundua mwenyewe nikiosha vyombo. Jumatatu nikaenda zahanati, nikasimama mbele ya ule ubao wa herufi, nikashindwa kuanzia mstari wa tatu, na mke wangu akasema "nilikwambia" mara nne tu. Miwani ninayo usoni sasa hivi. Leo nimetunga uzi mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na haraka. Nimegundua pia kwamba kioo changu kina nyufa mbili.

Basi yote niliyoandika huko juu yafuteni, isipokuwa lalamiko la nne. Uzi ni uzi.

Ndani ya bahasha hii mtakuta fomu ya Futi, na sahihi ya mzazi iko mahali pake. Nitamwambia nikirudi kutoka posta. Akitaka kubisha, abishe, lakini hoja yake naijua na imeshadhoofishwa. Mwisho ni Ijumaa, nanyi tazameni mhuri: ni wa Jumatano. Kwa miaka ishirini na sita hakuna kitu kilichowahi kutoka mikononi mwangu kabla ya siku yake. Hiki ndicho cha kwanza.